Niliwashonea wanawake wa chumvi suruali za mpira, wakazichoma mbele ya mwanangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msomaji usitafute maneno makubwa hapa. Naishi Bwera, chumba kimoja cha kupanga, si mbali na barabara inayoshuka kwenda mpaka wa Congo. Nafua nguo za watu. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki.

Nitataja majina. Wapo watakaosema ningewafunika wenzangu… Wao walinifunika? Ila majina yetu sisi Wakonzo hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kila ukoo una Mbambu wake, kwa hiyo nitaeleza vizuri ni Mbambu gani ili asiyehusika asilaumiwe. Ni Mbambu dada wa marehemu mume wangu, mwenye viwanja vya chumvi Katwe, yule anayeongoza nyimbo kanisani kwa sauti nyembamba. Huyo.

Mume wangu Baluku alikuwa mbeba mifuko ya saruji. Vumbi lilimwingia kifuani, likakaa humo mpaka likammaliza. Aliniachia mtoto mmoja tu, binti yetu Masika, na viwanja vitatu vya chumvi alivyorithi kwa baba yake.

Kwa msomaji ambaye hajafika Katwe, ziwa lile ni la chumvi. Pembeni mwake watu wamechimba vijibwawa, kila kimoja na mwenyewe. Jua linakausha maji, chumvi inaganda chini, mnaingia humo na kuikwangua. Kiwanja cha chumvi ni kama shamba. Kinarithiwa, kinakodishwa, kinagombewa.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa wakasema mimi nimezaa msichana tu, viwanja virudi kwenye familia. Vikaenda kwa Mbambu. Alinijia na uso wa huruma, akanishika mkono. Akasema, "Wifi, mimi sikufukuzi. Utafanya kazi humo kama zamani, tutagawana."

Tuligawana kweli. Yeye alichukua chumvi, mimi nikachukua vidonda.

Chumvi ile haina adabu kwa mwanamke. Inatafuta ngozi laini, unajua nasema wapi. Wengine hujipaka mafuta ya kupikia kabla ya kuingia, wengine unga wa ngano, wanaume nao wana njia zao ambazo sitaandika. Jioni unatoka unatembea miguu wazi kama kijana aliyetahiriwa jana. Nilivumilia miaka mpaka mwili ukakataa. Muuguzi alinitazama mara moja tu, akasema mama, ukirudi kwenye maji hayo usirudi kwangu.

Nikatoka. Akaingia Masika, kwa sababu nyumba haikuwa na mtu mwingine wa kuingia. Alikuwa bado msichana wa shule. Siku ya kwanza alirudi jioni, akalala kifudifudi.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, kumtoa mwanangu majini. Sikutaka nyumba wala gari. Nilitaka biashara moja ndogo ya kutulisha sisi wawili, ili Masika asiingie tena.

Nikahamia Bwera, penye soko kubwa, Masika akabaki Katwe na kuja kwangu mara kwa mara. Nikauza nyanya. Wote wanauza nyanya. Nikakaanga kabalagala, vile vikate vya ndizi, kesho yake majirani watatu wakakaanga kabalagala. Nikajaribu nguo za mtumba, nikakaa nyuma ya rundo langu kutwa nzima kama mlinzi. Watu walipita, wakagusa, wakaenda zao.

Sokoni pale palikuwa na mama mmoja wa Butembo, upande wa Congo, Mama Kavira, aliyekuwa akinunua chumvi ya Katwe na kuivusha ng'ambo. Mwanamke mnene, mcheshi, rozari shingoni. Siku moja alinikuta nimeinamia nyanya zinazooza, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Masika, batu bote beko banauza nyanya. Weye utauzia nani, nyanya zenzako?"

Nikamwuliza sasa niuze nini.

"Tafuta kitu yenye mutu iko na lazima nayo, na hakuna mwenye anauza. Hata ikiwa kitu ya haya. Haya nayo inalipa."

Nilifikiri ananitania tu. Lakini neno lile lilikaa kichwani.

Wiki chache baadaye nilikwenda Kasese mjini kumtazama mgonjwa. Karibu na stendi kulikuwa na fundi wa panchari anaitwa Otieno. Baba yake alikuja zamani kutoka Kenya kwa ajili ya mgodi wa shaba. Otieno mwenyewe amezaliwa Kasese, Kenya haijui na Kenya haimjui. Nilimwona anaosha magurudumu kwa maji machafu, na kiunoni amejifunga kipande kikubwa cha tyubu ya lori. Maji yanamwagika juu yake, suruali yake ndani kavu.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia. Nikawaza mapaja ya Masika.

Nikamwomba aniuzie tyubu mbili kuukuu. Akasema, "Mama, uko na lori?" Nikasema ninalo, linaitwa umaskini. Akacheka, akanipa za bei ya chini.

Kushona mpira si kushona kitambaa. Suruali nilizoharibu mwanzoni sitazisema. Nilijifunza kukata tyubu kwa urefu, kuiosha na sabuni mpaka utelezi wote utoke, kushona kwa mshipi wa kuvulia samaki, kisha kupaka gundi ya panchari na kubandika kiraka chembamba juu ya mshono. Na jambo kubwa kuliko yote, mshono lazima ukae nje. Ukikaa ndani unasugua paja, na paja likichubuka ndani ya chumvi ni kama umelipaka pilipili. Kiunoni nikatia kamba, miguuni nikafunga kwa lastiki.

Masika alivaa ya kwanza, akaingia majini asubuhi, akatoka jioni. Akavua mbele yangu. Ngozi ilikuwa na jasho tu. Alikaa chini, akalia… Mimi nikajua nimepata.

Wanawake wa Katwe walikuja kutazama. Wakagusa, wakacheka, wakamwita Masika "askari wa mvua". Wachache wakanunua. Wengine walisema ni nzito, ina joto, vidonda tumezoea. Unaona mambo ya biashara? Unamletea mtu dawa ya maumivu yake, anakuambia ameyazoea.

Sasa nifike kwenye lile lililonitajirisha na kuniua.

Ziwa lina mwiko. Mwanamke akiwa katika siku zake haingii. Wanasema chumvi itakufa, itabaki uji, haitaganda. Akiingia na ikajulikana, analipa mbuzi, na aibu juu. Kwa hiyo kila mwezi mwanamke anakaa nje siku zake zote, na wakati wa kiangazi, chumvi ikiwa imeiva, siku hizo ni chakula cha nyumba nzima. Na kudanganya ni vigumu, kwa sababu maji ni ya kiunoni na jirani wa kiwanja anajua hesabu zako kuliko mume wako, akiona doa tu anakusema.

Siku moja alinifuata mwanamke anaitwa Biira. Kiwanja chake kinapakana na cha Mbambu. Alinivuta nyuma ya mizani ya chumvi, akazungusha maneno weee, habari za watoto, habari za mvua. Mwisho akasema, "Mama Masika, ile suruali yako, maji hayaingii kabisa?"

Nikasema hayaingii.

Akatazama chini. "Na ya ndani… yanatoka?"

Msomaji, nilimwelewa pale pale. Vidonda walikuwa wamevizoea. Walichotaka kununua ni zile siku.

Nikarudi Bwera, nikabadilisha mshono. Nikatia kitambaa kinene ndani, nikakaza lastiki, nikabandika viraka mara mbili. Kwa watu wote nilisema ni suruali ya kuzuia vidonda. Kwa mwanamke mmoja mmoja, pembeni, nilisema hata siku zile, dada, nani atajua?

Ziliondoka kama mkate wa moto. Hawakuuliza tena kama ni nzito. Waliokuwa wamecheka walikuja na vitambaa usoni. Wengine walituma watu wengine. Nilikuwa nashona mpaka vidole vinatoka damu, na Otieno kila akiniona anasema, "Mama, unanunua tyubu kuliko malori yenyewe. Hilo gari umelificha wapi?" Nikampenda kwa utani wake. Nikamwonyesha mpaka namna ya kubandika kiraka, anisaidie siku za kazi nyingi.

Je, mimi niliamini mwiko? Nitasema nilichokiona. Nilikaa majini miaka, na nikawaona wenye kudanganya siku zao wakivuna kama wengine.

Masika ndiye alikuwa tangazo langu. Alivaa suruali yake mwezi mzima bila kupumzika, mchana kweupe, na chumvi ya kiwanja alichokuwa akikwangua ikaganda vizuri. Wanawake walimwona, wakahesabu, wakaja kwangu. Hakuhitaji kusema neno.

Mara moja aliniuliza, "Mama, si sasa pesa ipo? Nitoke?"

Nikamwambia subiri kiangazi kiishe, biashara ishike mizizi.

Akasema, "Kiangazi gani, hiki au kile kijacho?"

Nilimwambia aache kinywa kirefu. Nilikuwa nafikiria wateja.

Basi, Mbambu hakuwa kipofu. Alikuja Bwera na samaki wawili wa ngege amewafunga kwa jani, akakaa kwenye kiti changu, akanisifu. Akasema, "Wifi, wewe una mkono, mimi nina mdomo. Wewe shona, mimi niuze Katwe. Kwa nini uhangaike na boda kila siku?"

Nikamwambia, "Viwanja vya mume wangu unavyo. Hiki kidogo niachie."

Alicheka tu. Akala wale samaki aliowaleta mwenyewe, akanawa, akaaga vizuri. Kumbe kutoka kwangu alipanda gari moja kwa moja mpaka Kasese kwa Otieno.

Nilipokwenda mara iliyofuata, Otieno hakunitania. Aliendelea kupanga nati zake. Tyubu hakuna, mama. Nikamwuliza na zile ninazoziona kwenye ukuta? Akasema hizo zina mwenyewe.

"Nani?"

"Wifi yako. Anachukua zote, nzima na mbovu. Biashara ni biashara, mama, usinitazame hivyo."

Nikamwuliza na kiraka nilichokuonyesha, umemwonyesha na yeye? Akainama kuokota nati. Otieno, kama unasoma haya, bado nangoja jibu.

Ila Mungu hakumpa Mbambu mkono. Otieno aliona nabandika, hakuniona nikishona. Suruali za Mbambu zilikuwa na mshono ndani. Chumvi ilikula gundi, mapaja ya watu yakachubuka, wanawake wakazitupa na kurudi kwangu wakimsema vibaya. Nilianza kununua tyubu kwa mafundi wengine, mbali zaidi, ghali zaidi. Nilidhani nimeshinda. Nilicheka hadharani, nikasema wifi yangu aendelee kuimba kanisani, mpira auache. Maneno hayo yalimfikia. Katwe ni ndogo.

Kisha ikaja mvua.

Ilinyesha wakati wa kiangazi, ikakaa. Vijibwawa vikajaa maji matamu, chumvi ikayeyuka, watu wakawa wanakwangua tope. Kila mtu aliye na akili anajua mvua inaharibu chumvi. Lakini mvua huwezi kuiita mkutanoni ijibu maswali. Walihitaji mtu.

Biira alinipigia simu. Sauti tamu kama siku ile nyuma ya mizani. Akasema wanawake wengi wanataka suruali, njoo nazo zote, wanunuzi wamekusanyika. Nikajaza gunia. Nikapita Kinyamaseke juu ya boda na gunia langu mapajani, nafanya hesabu za siku ya kumtoa Masika. Hiyo ndiyo siku niliyoamua atatoka. Nilikuwa nimeshamnunulia na gauni.

Nilipofika nikakuta mkutano ukingoni mwa viwanja. Wenye viwanja wote, wanaume kwa wanawake, mwenyekiti wao kakaa mbele, askari mmoja kasimama pembeni. Wakaniacha nipite katikati na gunia langu kichwani. Hakuna aliyenisaidia kulishusha.

Mbambu akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Mnanijua mimi ni mtu wa maombi. Sisemi mtu ni mchawi. Nauliza tu, tangu lini wanawake wa Katwe hawaendi mapumziko? Kila mmoja ahesabu siku za jirani yake."

Niliona wanaume wanageuka kutazama wake zao. Niliona wanawake wanatazama miguu yao. Wote, karibu wote, walikuwa wateja wangu. Wengine nimewapima kiuno kwa mikono hii.

Wa kwanza kusema alikuwa Biira. Akasema yeye alinunua kwa ajili ya vidonda tu. Akasema mimi ndiye niliyemnong'oneza mambo machafu, yeye akashtuka, akaogopa kusema. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaongeza kwamba nilimwapisha. Kila mmoja aliyesimama alipanda juu ya yule aliyetangulia.

Kisha Mbambu akamwita Masika. Mwanangu alikuwa kwenye kundi lao, sikuwa nimemwona. Mbambu akamshika bega, akamwambia, "Wewe ni damu yetu. Sema ukweli, hakuna atakayekugusa."

Masika akasema, "Mama aliniambia niingie. Kila mwezi. Nilikataa, akasema nani atajua."

Hilo la kukataa ni uongo. Mengine ni kweli.

Mwenyekiti akaniuliza niliwauzia nani kwa ajili ya jambo hilo. Niwataje. Msomaji, nilikuwa nawajua wote. Ningeweza kunyoosha kidole nikazunguka nao mduara mzima, na pasingebaki mwanamke wa kunihukumu. Niliwatazama. Wengine walikuwa na waume wakali. Mmoja alikuwa na mimba… Nikanyamaza. Nilidhani wataona kwamba nimewabeba. Nilidhani angalau mmoja atasimama.

Aliyesimama alinirushia tope la chumvi usoni. Kisha mwingine. Yule mwenye mimba naye alirusha.

"Wewe mama, keti chini!" askari akasema. "Hapo hapo. Usinisumbue." Nikakaa kwenye maji. Akawaambia wanaorusha warushe pole pole, asichafuliwe yeye.

Wakaleta matairi, wakawasha moto, wakanilazimisha nichukue suruali zangu kutoka kwenye gunia nizitupe motoni mwenyewe, moja moja. Wakasema na walizonunua watu ziletwe pia. Nilizouza zilikuwa zinajaza gari. Zilizoletwa zingeenea kwenye beseni. Nyingine ziko wapi hadi leo? Waulizeni wao.

Moshi wa mpira ni mweusi, unashika koo. Masika alisimama ng'ambo ya moto, Mbambu kamshika bado. Nilikuwa na macho ya chumvi, sikuweza kuona kama analia.

Hukumu ikawa hivi. Mimi nisikanyage Katwe tena. Na kwa kuwa aliyekiri kuingia majini ni mmoja tu, mwanangu, yeye ndiye alipe mbuzi wa kusafisha ziwa. Masika hana mbuzi. Mimi sina, pesa yangu yote ilikuwa kwenye zile suruali zilizoungua. Mbambu akainua mkono, akasema kwa sauti ile ya kanisani, nitamlipia, ni mtoto wa kaka yangu. Watu wakampigia makofi. Na Masika akawa wa Mbambu. Atafanya kazi kwenye viwanja vya Mbambu mpaka Mbambu aseme mbuzi amerudi, na Mbambu hajasema.

Niliripoti Bwera kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema mambo ya Katwe yamalizwe Katwe. Nilikwenda polisi, wakaniuliza umepigwa? Nikasema nimerushiwa tope. Wakatazamana. Mwenye nyumba akasikia habari, akaogopa kwamba nina mkosi, akanitoa. Mafundi wa tyubu wakawa hawanijui.

Mvua ilipokwisha jua likatoka, chumvi ikaganda kama kawaida. Wakasema unaona, ziwa limesafishwa.

Na hapo ndipo Mbambu akaanza kuuza suruali za mpira. Safari hii zimeombewa. Mchungaji kaziwekea mikono, zinauzwa baada ya ibada, za kuzuia vidonda tu, anasema, na wanawake wanaitikia amina huku wamefunika midomo. Biira kanunua. Nimeambiwa kanunua mbili. Na mshono uko nje! Nilipoambiwa hilo nilijua nani kamfundisha. Ni mtu mmoja tu aliyenitazama nikishona, naye nilimzaa mwenyewe.

Hayo yote ningeweza kuyameza. Lililonishinda ni hili. Mbambu amesema Masika peke yake asivae. Kila mwanamke wa Katwe aingie na mpira wake, lakini yule aliyekosa aingie bila mpira, ili watu waone kama anatoka siku zake zikifika na waamini ametubu. Basi mwanangu anashona suruali jioni, asubuhi anaingia kwenye chumvi na gauni la pamba. Mateso mengine yanahitaji mtu mwenye akili kuyatunga.

Nilimwona mara moja tangu hapo. Alikuja Bwera siku ya soko, kaleta chumvi ya Mbambu kwa Mama Kavira. Mama Kavira ndiye aliyenishtua.

"Mama, ule si mutoto wako? Anatembea mubaya. Kwenda, zungumuza naye. Mimi nitapima chumvi pole pole."

Nikamfuata kwenye ukuta wa stoo. Alikuwa amesimama kwa kuachanisha miguu, nami najua maana ya kusimama vile. Nikamwambia twende nyumbani, utoke, leo hii, tusirudi tena huko.

Akaniuliza, "Nyumbani kuna nini?"

Nikasema nafua nguo. Tutafua wote.

Hakunikasirikia. Ingekuwa afadhali. Alisema pole pole kama mtu anayemweleza mtoto. "Mama, ulipokuwa na pesa uliniacha majini kwa sababu nilikuwa nakuletea wateja. Siku ya mkutano uliwaficha wale wote, nikabaki mimi peke yangu. Ungewataja, tungelipa wote mbuzi mmoja mmoja, au asingelipa mtu. Uliwachagua wao."

Nikasema wewe ndiye uliyesimama ukanisema.

"Nilikusema kwa sababu shangazi aliniambia utawataja na utaanza na mimi."

Nikamwuliza uliamini kwamba naweza? Akatazama upande wa Mama Kavira, kuona kama chumvi imekwisha kupimwa. Kisha akasema, "Kiangazi kikiisha nitakuja kukusalimia." Akajitwisha magunia matupu, akaenda kutafuta gari la Katwe, anatembea vile vile.

Kiangazi kimeisha. Kingine kimeanza. Hajaja.

Nimewataja Mbambu, Otieno na Biira. Wengine nimewaacha, na si kwa huruma, huruma yangu waliimaliza. Ni kwamba nikianza sitamaliza.

Wewe unayesoma na unatafuta biashara, nakuambia haya bila kukudai. Watu watakushauri utafute kile ambacho hakuna anayeuza. Ukikiona, usikimbilie kushona. Kaa kwanza ujiulize kwa nini hakuna anayeuza. Mimi nilidhani hawakuliona lile pengo. Walikuwa wameliona wote tangu zamani, na walikuwa wanalizunguka kwa miguu yao kila siku. Mteja anayekuja kwako kwa kunong'ona, siku ya shida atakukana kwa sauti kubwa, na atakuwa wa kwanza kuokota tope.

Na kama biashara yako umeianzisha kwa ajili ya mtoto, nakuomba kwa yote niliyopoteza, mtoe mtoto kwanza. Usingoje kiangazi kiishe, usingoje biashara ishike. Mtoe akiwa na njaa, mlale naye na njaa. Njaa mtaimaliza pamoja. Mimi sasa nakula kila siku, na nakula peke yangu.